Namna ya Kutazama Filamu Inayochanganya na Kuamua Kama Umeifurahia

Filamu imekwisha, majina ya waigizaji yanapanda kwenye skrini, taa inawashwa, na mtu uliyeketi naye anageuka na kukuuliza kama ilikuwa nzuri. Iwapo filamu ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, jibu huja bila kutafutwa. Lakini iwapo mhusika alibadilika jina katikati bila maelezo, aliyekufa akaonekana tena anakunywa kahawa, na hadithi ikakatika kabla haijafika popote, mtazamaji hujikuta anajibu swali jingine kabisa: anasema "sikuielewa", kana kwamba hilo ndilo aliloulizwa. Mwongozo huu unahusu kuyatenganisha maswali hayo mawili, kwa sababu inawezekana kuifurahia filamu usiyoielewa, na inawezekana vilevile kuielewa filamu barabara na kuichukia.

Sisi tulioanza kutazama filamu katika mabanda ya video tuna sababu ya ziada ya kuyachanganya maswali hayo. Bandani filamu haikuachwa ijisemee. Ilikuwa na msimulizi, kama Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya, ambaye aliwafanya wahusika wa mbali wazungumze kama watu wa mtaani, akaonyesha nani ni steringi na nani ni adui, na palipokuwa na pengo akaliziba kwa maneno yake mwenyewe. Ile ilikuwa sanaa kamili, na sijaona sababu ya kuionea haya. Hata hivyo ilituzoesha kuamini kwamba kila filamu ina mtu anayejua kinachoendelea, na kwamba kazi yetu ni kungoja atuambie. Filamu zinazozungumziwa hapa hazina mtu huyo, na katika baadhi yake hata aliyezitengeneza alikataa kuwa yeye.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba vurugu ni ya filamu, si ya nakala

Kabla hujaihukumu filamu, angalia urefu wa nakala uliyonayo na uulinganishe na urefu unaojulikana. Jambo hili linaonekana dogo, lakini limeharibu sifa za filamu nzima. Mwaka 1984 mwongozaji Sergio Leone alionyesha kwenye tamasha la filamu la Cannes filamu yake ya mwisho, Once Upon a Time in America, ikiwa na dakika 229 na ikiruka mbele na nyuma katika maisha ya wahalifu wa New York. Waliokuwa wakiisambaza Marekani waliikata hadi dakika 139 na kuyapanga matukio kwa mfuatano wa miaka ili ieleweke kwa urahisi, nayo ikawa ngumu zaidi kueleweka, kwa kuwa sababu za watu kutenda walivyotenda zilibaki katika vipande vilivyotupwa. Filamu ya Metropolis ya Fritz Lang, iliyozinduliwa Berlin mwaka 1927, ilikatwa muda mfupi baada ya uzinduzi huo, na kwa miongo mingi watu walijadili mapengo yake mpaka nakala iliyokaribia kuwa kamili ilipopatikana Buenos Aires mwaka 2008. Watazamaji wa miaka yote iliyotangulia hawakuwa wajinga. Walikuwa wanasoma kitabu chenye kurasa zilizochanwa.

Baada ya urefu, angalia maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini. Mimi mwenyewe niliwahi kuichukia filamu moja ya Kikorea kwa wiki nzima kabla sijagundua kwamba maandishi yale yalikuwa yakichelewa kwa sekunde kadhaa, hivyo kila jibu lilikuwa limewekwa kinywani mwa aliyeuliza. Nilipoyarekebisha, filamu iligeuka kuwa hadithi ya kawaida kabisa ya ndugu wawili na deni.

Wakati mwingine lugha yenyewe hukusaidia kupata uhakika. Katika Neptune Frost, filamu ya muziki ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyorekodiwa Rwanda na ambayo hadithi yake imewekwa Burundi, wahusika huzungumza Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunapata baadhi ya maneno moja kwa moja, bila kupitia kwa mtafsiri yeyote, na bado hatujui kwa nini wachimbaji wa madini ya koltani wanaimba kuhusu kompyuta wala kijiji kile chenye nyaya kinapata umeme wake wapi. Hapo unaweza kusema kwa hakika kwamba mkanganyiko umetoka kwenye filamu.

Hatua ya pili: ingia ukijua machache

Mambo manne yanatosha: jina la mwongozaji, mwaka, nchi na urefu. Usisome ufafanuzi wa mwisho wa filamu kabla ya kuitazama, kwa sababu ukishaambiwa kwamba sehemu fulani ni ndoto utakaa saa mbili ukikagua ushahidi badala ya kutazama. Simu iwekwe mbali. Filamu iliyonyooka huvumilia mtu anayejibu ujumbe mara mbili tatu. Filamu iliyovurugika haivumilii, na mtu aliyekosa dakika moja muhimu hana haki ya kusema kwamba mwongozaji hakueleza.

Hatua ya tatu: badala ya kuuliza "kwa nini", hesabu kinachojirudia

Huu ndio ujuzi mkubwa kuliko wote. Swali la "kwa nini" linapoulizwa mapema humtoa mtazamaji ndani ya filamu, kwa kuwa kila onyesho jipya linamkuta bado anahangaika na lililopita. Mahali pake weka kazi nyepesi zaidi: tazama ni kitu gani kinarudi. Rangi, mnyama, wimbo, mlango, salamu, namna ya kushika sigara, chochote.

Mfano ninaoupenda ni Touki Bouki, filamu ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali ya mwaka 1973. Jina hilo kwa Kiwolofu maana yake ni safari ya fisi, na mtu aliyelelewa kwa ngano zetu hahitaji kuelezwa tabia za fisi. Kijana Mory na msichana Anta wanataka kwenda Paris na hawana nauli. Hiyo ndiyo hadithi yote, nayo ingetosha kueleweka na mtoto, isipokuwa Mambéty anaikatakata. Onyesho la mapenzi linaingiliwa na bahari. Msafara wa kifahari unapita mjini Dakar na huwezi kuapa kama umetokea kweli au kama Mory anauota. Mtazamaji anayeuliza "kwa nini" atachoka baada ya nusu saa.

Anayehesabu ataona mambo mengine. Ataona kwamba filamu inaanza na ng'ombe wanaoswagwa na kisha kuchinjwa, na kwamba picha za machinjio zinarudi pale ambapo hakuna aliyezitarajia. Ataona kwamba pikipiki ya Mory imefungwa pembe za ng'ombe kwenye usukani. Atasikia wimbo unaoitaja Paris ukirudiwa mpaka unaanza kukera. Kisha, bila mtu yeyote kumweleza, ng'ombe wanaoongozwa kwenda machinjioni na vijana wanaokimbilia melini watakaa pamoja kichwani mwake, na atatambua kwamba Mory amekuwa akiendesha kichwa cha mnyama tangu mwanzo. Ufahamu wa namna hiyo ni tofauti na kujua nani alimfanyia nani nini, nao hauji kwa mtu anayeisimamisha filamu kila dakika tano ili aulize.

Hatua ya nne: ukipotea, jua umepotea wapi

"Sielewi kitu" si kweli hata mara moja. Kila mtu huelewa kitu. Linalotakiwa ni kutaja mahali ambapo kamba imekatika. Kwa kawaida ni mojawapo ya mahali patatu. Huenda hujui nani ni nani, pengine kwa sababu waigizaji wawili wanafanana au mwigizaji mmoja anacheza watu wawili. Huenda hujui ni lini, kwa sababu matukio yamepangwa kinyume. Au huenda hujui kama unachokiona kimetokea, kimekumbukwa, kimeotwa au kimesimuliwa na mtu mwongo.

Aina ya kwanza hutibika kwa kurudisha nyuma kidogo, na ya pili hutibika kwa subira. Ya tatu mara nyingi haitibiki, na haikukusudiwa itibiwe. Filamu ya Kifaransa ya Alain Resnais, Mwaka Jana Marienbad kwa tafsiri ya jina lake, iliyopata tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 1961, ina mwanamume anayesisitiza kwamba alikutana na mwanamke fulani mwaka uliopita, mwanamke anayesema hamkumbuki, na jumba kubwa ambalo halimsaidii yeyote kati yao. Ukikaa ukingoja uamuzi utakuwa kama mtu aliyekwenda ufukweni kusubiri maji yafike mwisho.

Hatua ya tano: chagua kitenzi

Filamu ikiisha, kaa kimya kwa dakika chache, kisha usijiulize kama ilikuwa "nzuri". Neno hilo ni pana mno kwa kazi hii. Kiswahili kina vitenzi vinavyopambanua raha moja na nyingine, na mtu akichagua kitenzi sahihi anakuwa amekwisha kuamua kabla hajatambua kwamba ameamua.

Filamu iliyonoga ni kama mchuzi ulionoga: kila kiungo kipo, kwa kipimo chake, na hakuna kinachopiga kelele kuliko kingine. Filamu zilizovurugika hazinogi ila kwa nadra, na anayezihukumu kwa kitenzi hiki atazikataa karibu zote, kwa haki. Kuburudika ni jambo jingine. Ndani ya neno hilo kuna ubaridi wa maji baada ya jua, na filamu inayokuacha na maumivu ya kichwa haijakuburudisha hata kama ina sifa dunia nzima. Lakini kuna filamu ambayo haikunoga wala haikuburudisha, nayo imekukuna, yaani imefika mahali palipokuwa pakiwasha bila wewe kujua. Kuna iliyokunasa, ukawa kama ndege kwenye ulimbo, ukataka kuondoka na usiweze. Kuna iliyokugusa mara moja tu, katika onyesho moja la dakika mbili, na dakika mia moja zilizobaki zikakuchosha. Na kuna iliyokukera, ambayo nayo inafaa kuchunguzwa kabla ya kutupwa, kwa sababu kero huweza kutokana na filamu iliyogusa jambo halisi, na huweza kutokana na mwongozaji aliyekupotezea muda.

Ukiona vitenzi viwili vinagombana, viandike vyote. Binafsi naona kwamba "ilinichosha na ilinikuna" ni hukumu kamili, na ni ya kweli kuliko nyota tatu kati ya tano.

Hatua ya sita: tambua kama umetegewa kitendawili au umeimbiwa fumbo

Katika kitendawili kuna mapatano. Anayetega ana jibu, na msikilizaji akishindwa anampa mji, Mombasa au Tabora, kisha anaambiwa. Baadhi ya filamu zinazochanganya ni vitendawili vya aina hiyo: zina jibu, na ukifika mwisho, au ukirudia mara ya pili, vipande vinaingiana. Filamu hizo zihukumu kwa jibu lao. Kama jibu ni hafifu, umedhulumiwa mji wako.

Fumbo la taarabu halina mapatano hayo. Mwimbaji anaimba kuhusu ua, au jahazi, au paka wa jirani. Kila aliyeketi ukumbini ana wazo lake juu ya anayesemwa, na watu wananyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji bila kuafikiana hata kidogo kuhusu maana. Hakuna anayengoja mwisho wa wimbo ili apewe jina la mlengwa ndipo aamue kama amefurahi. Mtu anayelijua hilo kwenye taarabu hana sababu ya kulisahau anapoitazama Mulholland Drive ya David Lynch, ya mwaka 2001.

Kwa muda mrefu wa dakika zake 147, filamu hiyo ni hadithi ya Betty, mwigizaji mgeni Los Angeles, anayemsaidia mwanamke aliyepoteza kumbukumbu baada ya ajali ya gari na anayejiita Rita. Kisha kisanduku cha buluu kinafunguliwa kwa ufunguo wa buluu, na baada yake waigizaji walewale, Naomi Watts na Laura Harring, wanaitwa Diane na Camilla na wanaishi maisha mengine. Watu walimpa Lynch miji yote ya dunia naye hakutoa jibu. Nakala za DVD zilipotoka ziliambatana na vidokezo kumi kutoka kwake, ambavyo viliongeza maswali, na diski yenyewe haikugawanywa katika sura za kurukia, ili mtu aitazame moja kwa moja. Lynch alifariki mwaka 2025 bila kubadili msimamo huo.

Hapa ndipo watu huuliza kama vurugu ni ya makusudi au ni uzembe, na kuna namna ya kupima. Uzembe haukai mahali pamoja: palipo na hadithi iliyolegea kwa uzembe, mara nyingi utakuta pia sauti inayopanda na kushuka, taa zisizolingana na waigizaji wasiojua wasimame wapi. Katika Mulholland Drive kila sauti imepimwa, na vurugu ina mlango wake, ambao ni kile kisanduku. Vurugu yenye mlango ilijengwa na mtu.

Hata hivyo ukweli una vumbi zaidi ya kipimo hicho. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilirekodiwa mwaka 1999 kama mwanzo wa tamthilia ya televisheni ya Marekani. Kituo kilichoiagiza kikaikataa, na baadaye fedha za Ufaransa, kupitia kampuni ya StudioCanal, zikamwezesha Lynch kurekodi maonyesho mapya na kuigeuza kuwa filamu kamili. Ndiyo maana mpelelezi anayeonekana mapema, akichezwa na Robert Forster, hutoweka asirudi: alikuwa ameandaliwa kwa ajili ya vipindi ambavyo havikutengenezwa. Kwa hiyo ndani ya filamu moja kuna fumbo la makusudi na mabaki ya ajali, na mtazamaji hawezi kuyatenga yote. Je, kulijua hilo kunapunguza raha? Kwangu hapana, mpelelezi yule anayepotea ananitia wasiwasi uleule niliokuwa nao kabla sijajua asili yake. Lakini namwelewa anayesema kwamba sasa anaona viraka.

Vurugu iwe imekusudiwa au imetokea tu, kumbuka kwamba nia ya mwongozaji haikulazimishi kufurahi. Zipo filamu ambazo kila mkanganyiko ndani yake ulipangwa kwa rula, na zinachosha vivyo hivyo.

Hatua ya saba: ngoja siku tatu, kisha msimulie mtu

Hukumu ya usiku ule ule hutolewa na mtu aliyechoka au mwenye haya. Haya ndiyo adui mkubwa zaidi. Wapo wanaosema wamefurahi kwa kuwa wameambiwa kwamba mabingwa wamefurahi: mwaka 2016 BBC iliwauliza wahakiki 177 kutoka nchi 36, nao wakaiweka Mulholland Drive ya kwanza kati ya filamu za karne ya 21, na tangu hapo imekuwa vigumu kwa mtu kukiri barazani kwamba alisinzia. Wapo pia, na si wachache, wanaoikataa filamu kwa hasira ya kudhani kwamba imewafanya wajinga. Wote wawili wanajibu kuhusu heshima yao, na filamu haijatajwa.

Baada ya siku tatu, tafuta mtu ambaye hajaitazama na umsimulie, kisha ujisikilize. Ukijikuta unaonyesha kwa mikono namna mlango ulivyofunguka, unaiga sauti, unasema "ngoja, kabla ya hapo", basi kuna kitu kilikaa. Ukijikuta unamweleza nadharia ya mwisho uliyoisoma mahali, bila picha hata moja, huenda ulichofurahia ni ufafanuzi. Hiyo pia ni raha halali, kama ya kutatua hesabu, ila usiihesabie filamu. Na ukishindwa kusimulia chochote, wala hujali kushindwa, jibu unalo.

Sasa ndipo pa kusoma ufafanuzi wa wengine, kama unautaka. Utaukuta wako mwenyewe umekwisha kusimama, na utabishana nao badala ya kuumeza.

Hatua ya nane: amua kama utarudia, na uandike

Kurudia si wajibu. Anayekuambia kwamba filamu fulani hufurahisha kuanzia mara ya tatu anakuomba saa saba za maisha yako, na una haki ya kumuuliza dhamana. Mimi hurudia iwapo kuna picha moja inayonirudia bila kuitwa, ninapopika au ninapongoja daladala. Isipokuwepo, siirudii hata kama imesifiwa vipi.

Andika mstari mmoja tu kwenye daftari: jina, tarehe, kitenzi, na picha iliyobaki. Acha nafasi chini yake, kwa kuwa vitenzi hubadilika. Kwenye daftari langu Touki Bouki ina "imenikuna" mara mbili, na pembe za ng'ombe kwenye pikipiki. Mulholland Drive ina "imeninasa", na chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, "imenichosha kidogo safari hii". Neptune Frost niliiandikia "sijui", nikaona aibu kidogo, nikaiacha hivyo hivyo. Miezi minne baadaye nilijikuta nikiuvumisha mmoja wa nyimbo zake jikoni, nikaenda kulichukua daftari.